Sayansi nayo huacha nyayo: Jinsi hewa ukaa ya utafiti inavyopimwa na kupunguzwa

Na Mwandishi Wetu

KWA zaidi ya miaka 30 wanasayansi wamekuwa mstari wa mbele kuionya dunia kuhusu hatari ya mabadiliko ya tabianchi. Ndio waliopima joto la bahari, waliofuatilia barafu inayotoweka kileleni mwa Kilimanjaro na waliozishauri serikali zipunguze matumizi ya makaa ya mawe na mafuta.

Swali ambalo halikuulizwa mara nyingi ni hili: je, kazi yao wenyewe inazalisha hewa ukaa kiasi gani?

Jibu limeanza kupatikana, hasa tangu mwaka 2019, na limewashangaza hata baadhi ya waliolitafuta. Wengi walidhani tatizo la utafiti ni safari za ndege kwenda mikutanoni. Hesabu zilipofanywa, ilibainika kuwa kila taasisi ina chanzo chake kikubwa, na mara nyingi si kile kilichodhaniwa. Kwingine ni kompyuta, kwingine ni gesi zinazovuja kwenye mitambo, na kwingine ni vifaa vinavyonunuliwa kila mwezi bila mtu kuvitilia shaka.

Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, yaliyogunduliwa mpaka sasa, hatua zinazochukuliwa na maana yake kwa watafiti wa Afrika Mashariki.

Unyayo wa kaboni ni nini?

Unyayo wa kaboni ni jumla ya gesijoto zote zinazotokana na shughuli fulani, iwe ni ya mtu, kampuni, safari au utafiti. Gesijoto ni zile zinazozuia joto la dunia lisitoke kwenda angani. Iliyo nyingi zaidi kati ya zile zinazotokana na shughuli za binadamu ni kaboni dioksidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa, lakini zipo pia methani, oksidi ya nitrojeni na gesi za viwandani zenye florini.

Kwa kuwa gesi hizo hazina nguvu sawa, wataalamu huzigeuza zote kuwa kipimo kimoja. Huuliza: gesi hii ina uwezo wa kupasha dunia joto sawa na kaboni dioksidi kiasi gani? Jibu huandikwa kwa tani. Kwa hiyo tani zinazotajwa katika makala haya si lazima ziwe za kaboni dioksidi pekee. Ni za gesi zote zilizopimwa kwa mizani hiyo moja.

Ili msomaji apate picha, wastani wa dunia wa kaboni dioksidi inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe ni karibu tani 5 kwa mtu kwa mwaka. Kwa Mtanzania wa kawaida ni chini ya nusu tani.

Mafungu matatu ya hesabu

Utaratibu unaotumiwa na taasisi nyingi ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na mashirika mawili ya kimataifa, moja la utafiti wa rasilimali na jingine la wafanyabiashara. Ulikusudiwa kampuni, lakini vyuo vikuu navyo viliuchukua. Utaratibu huo hugawa hesabu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni gesi zinazotoka moja kwa moja katika mali ya taasisi: moshi wa jenereta na magari yake, au gesi inayovuja katika mitambo yake. Fungu la pili ni gesi zilizotolewa mahali pengine ili kuzalisha umeme, au joto, ambao taasisi imeununua. Fungu la tatu ni mengine yote: safari za watumishi, vifaa vinavyonunuliwa, taka, mizigo, na hata huduma za kompyuta zilizokodishwa.

Mafungu mawili ya kwanza ni rahisi kupima kwa kuwa kuna ankara za umeme na risiti za mafuta. La tatu ni gumu zaidi, na kwa utafiti ndilo ambalo kwa kawaida huwa kubwa kuliko yote.

Hesabu inavyofanywa

Kanuni yake ni nyepesi. Mpimaji huchukua kiasi cha shughuli na kukizidisha kwa kigezo, yaani idadi ya kilo za gesi zinazotokana na kipimo kimoja cha shughuli hiyo.

Tuchukue mfano wa jokofu la maabara linalohifadhi sampuli kwenye nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Jokofu kuukuu la aina hiyo linaweza kutumia uniti 20 za umeme kwa siku, ambazo ni uniti 7,300 kwa mwaka. Iwapo umeme huo unatoka katika mitambo ya makaa ya mawe inayotoa takriban kilo moja kwa kila uniti, jokofu hilo litakuwa limesababisha zaidi ya tani 7 kwa mwaka. Likiwekwa katika nchi ambayo umeme wake hutoa gramu 50 tu kwa uniti, hesabu inashuka hadi kilo 365.

Jokofu ni lile lile na sampuli ni zile zile. Kilichobadilika ni chanzo cha umeme. Ndiyo sababu orodha ya mambo ya kupunguza iliyoandaliwa kwa maabara ya nchi moja haiwezi kunakiliwa tu na maabara ya nchi nyingine.

Kwa upande wa manunuzi hali ni ngumu zaidi. Maabara moja hununua maelfu ya vitu tofauti, kuanzia glavu hadi darubini za elektroni, na viwanda vingi havitoi takwimu za gesi zilizotumika kuvitengeneza. Wapimaji hulazimika kutumia fedha: kila euro au dola iliyotumika kununua aina fulani ya bidhaa hupewa kilo kadhaa za gesi. Njia hii husaidia kuona picha kubwa, lakini ina kasoro ya wazi. Maabara ikinunua kifaa cha bei kubwa kinachodumu muda mrefu na kutumia umeme kidogo, hesabu ya fedha itaiona kuwa imechafua zaidi.

Mpaka wa hesabu hubadili jibu

Wanaastronomia, yaani wataalamu wanaochunguza nyota na sayari, ni miongoni mwa wa kwanza kujipima kwa kina. Matokeo yao yanaonyesha jinsi jibu linavyotegemea kile kilichohesabiwa.

Taasisi ya Max Planck ya astronomia iliyoko Heidelberg, Ujerumani, ilikadiria kuwa mwaka 2018 kila mtafiti wake alisababisha takriban tani 18. Karibu nusu ya kiasi hicho ilitokana na safari za ndege.

Nchini Australia, hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 ilionyesha kuwa kila mwanaastronomia husababisha tani 37 au zaidi kwa mwaka. Huko si ndege zilizoongoza, bali kompyuta zenye uwezo mkubwa zinazotumika kuchambua takwimu na kuiga mienendo ya nyota. Sehemu kubwa ya umeme wa Australia wakati huo ilitokana na makaa ya mawe.

Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Toulouse, Ufaransa, lilipanua mpaka zaidi. Lilijumuisha ujenzi na uendeshaji wa darubini zenyewe, za ardhini na zilizorushwa angani. Makisio yao yalikuwa tani milioni 1.2 hivi kwa mwaka kwa mitambo yote ya fani hiyo duniani, sawa na tani 36.6 kwa kila mwanaastronomia, zikiwa na uwezekano wa kupanda au kushuka kwa tani 14. Hapo bado hazijaongezwa safari wala umeme wa ofisini.

Tofauti hizo hazina maana kwamba kuna aliyedanganya. Kila kundi lilichora mpaka wake mahali tofauti na kupima kilichokuwa ndani yake. Kwa hiyo msomaji anayekutana na takwimu ya aina hii hana budi kuuliza kwanza: ni nini kilichohesabiwa, na ni nini kilichoachwa nje?

Gesi zilizojificha ndani ya mitambo

Mfano mwingine ni wa CERN, maabara kubwa ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Mtambo wake mkuu, wenye mzingo wa kilomita 27, hugonganisha chembe ndogo kuliko atomu. Katika mwaka wa kazi kamili maabara hiyo hutumia umeme wa zaidi ya uniti bilioni moja, na yeyote angetarajia umeme uwe ndio mzigo wake mkubwa.

Ripoti yake ya kwanza ya mazingira, iliyotolewa mwaka 2020, ilionyesha vinginevyo. Mwaka 2018 gesi zilizotoka moja kwa moja katika shughuli zake zilifikia takriban tani 192,000, na zaidi ya robo tatu zilikuwa gesi zenye florini zinazotumika ndani ya vifaa vya kunasia chembe na katika kupoozea mitambo. Umeme ulikuwa na sehemu ndogo, kwa kuwa hutoka zaidi Ufaransa, ambako vinu vya nyuklia ndivyo vyenye nafasi kubwa.

Moja ya gesi hizo, heksafloridi ya salfa, ina nguvu ya kupasha joto zaidi ya mara 20,000 ya kaboni dioksidi. Uvujaji mdogo katika bomba moja unaweza kulingana na safari nyingi za ndege.

CERN ilijiwekea lengo la kupunguza gesi za fungu la kwanza kwa asilimia 28 hadi mwisho wa mwaka 2024, ikilinganishwa na mwaka 2018. Hatua zilizochaguliwa ni kuziba mabomba yanayovuja, kuzungusha gesi ili itumike tena, kuinasa kabla haijatoka, na kutafuta gesi mbadala. Katika baadhi ya mitambo mipya, kinachotumika kupoozea ni kaboni dioksidi yenyewe, kwa kuwa ikilinganishwa na gesi inazozirithi madhara yake ni kidogo mno.

Manunuzi yaongoza Ufaransa

Nchini Ufaransa kundi la watafiti lilianzisha mwaka 2019 umoja uitwao Labos 1point5. Jina lake linatokana na lengo la nyuzi joto 1.5 lililotajwa katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015. Umoja huo ulitengeneza programu ya bure ambayo maabara yoyote nchini humo inaweza kuitumia kujipima kwa vigezo vinavyofanana.

Mamia ya maabara yameitumia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha maabara 108, ulionyesha kuwa manunuzi ya vifaa na huduma ndiyo yanayobeba takriban nusu ya gesi zote, yaani tani 2.7 hivi kwa kila mtumishi kwa mwaka.

Matokeo hayo yaligeuza mjadala. Mtafiti aliyejisifu kwa kupanda treni badala ya ndege alilazimika kutazama upya orodha ya ununuzi ya maabara yake. Kati ya hatua zilizopendekezwa ni kutumia vifaa kwa muda mrefu zaidi, kutengeneza vilivyoharibika badala ya kuvitupa, na maabara jirani kuazimana mashine za bei kubwa ambazo kila moja ilitaka kuwa na yake.

Safari za ndege na mikutano

Pamoja na hayo, ndege hazijaondolewa lawama. Kwa baadhi ya fani bado ndizo mzigo mkubwa, na ni miongoni mwa vitu ambavyo mtafiti mwenyewe anaweza kuamua.

Mkutano wa mwaka 2019 wa umoja wa wanasayansi wa dunia na anga wa Marekani, uliofanyika San Francisco, ulihudhuriwa na watu wapatao 28,000. Kwa mujibu wa hesabu iliyochapishwa mwaka 2020, wajumbe hao walisafiri jumla ya kilomita milioni 285 na kusababisha takriban tani 80,000, sawa na tani 3 kwa kila mjumbe. Safari hiyo moja ni zaidi ya mara sita ya kiasi ambacho Mtanzania wa kawaida husababisha kwa mwaka mzima.

Janga la Uviko-19 lilitoa kipimo ambacho hakuna aliyekipanga. Mkutano wa wanaastronomia wa Ulaya wa mwaka 2019, uliofanyika Lyon, Ufaransa, ulisababisha tani 1,855 kwa safari za wajumbe wapatao 1,240. Mwaka uliofuata ulifanyika kwa njia ya intaneti. Hesabu ilishuka hadi chini ya tani moja, yaani upungufu wa takriban mara 3,000.

Hata hivyo, wanaotetea mikutano ya ana kwa ana wanaeleza kuwa urafiki wa kikazi, hasa kwa vijana wanaoanza, haujengeki kwa urahisi kupitia kioo cha kompyuta. Ndiyo maana mapendekezo mengi yako katikati: kuchagua mji ulio karibu na wajumbe wengi, kufanya mkutano kila baada ya miaka miwili, na kuwa na vituo vya kanda vinavyounganishwa kwa intaneti.

Je, asiyesafiri huachwa nyuma kikazi? Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2019 haukuona uhusiano kati ya wingi wa safari za ndege za mhadhiri na kiwango ambacho kazi zake hunukuliwa na wenzake, baada ya kuzingatia miaka yake katika taaluma na fani yake. Ulichoona ni kwamba wenye mishahara mikubwa husafiri zaidi.

Kompyuta nazo hula umeme

Tofauti na ndege, hewa ukaa ya kompyuta haionekani wala haisikiki. Mtafiti hubonyeza kitufe akiwa ofisini, na mitambo iliyo mji mwingine huanza kuunguruma.

Mwaka 2021 watafiti wenye makao Cambridge, Uingereza, walitoa kikokotoo cha bure kiitwacho Green Algorithms. Mtumiaji huingiza muda ambao programu imefanya kazi, aina ya kompyuta, ukubwa wa kumbukumbu na nchi ilipo. Kikokotoo humpa makisio ya umeme uliotumika, ukiwamo wa kupoozea mitambo, pamoja na gesi zilizotokana nao.

Mambo yanayopunguza mzigo huo ni ya kawaida: kujaribu programu kwa takwimu chache kabla ya kuiendesha kwa takwimu zote, kuepuka kuomba kumbukumbu kubwa kuliko inayohitajika, na kuandika programu inayofanya kazi haraka. Kwa kuwa sasa mifumo ya akili mnemba imeingia karibu katika kila fani, umuhimu wa hesabu hii umezidi kukua.

Majokofu, plastiki na makabati ya kemikali

Ndani ya maabara za baiolojia na kemia kuna vitu vitatu vinavyotajwa kila mara.

Cha kwanza ni yale majokofu ya nyuzi hasi 80. Majaribio yameonyesha kuwa kuyapandisha hadi nyuzi hasi 70 kunaweza kuokoa karibu asilimia 30 ya umeme, na aina nyingi za sampuli huhifadhika bila madhara. Kufuta barafu, kuondoa sampuli zisizo na mwenyewe na kuandika orodha ya vilivyomo ili mlango usifunguliwe kwa muda mrefu pia husaidia. Tangu mwaka 2017 yamekuwapo mashindano ya kimataifa ya maabara kuhusu utunzaji bora wa majokofu hayo.

Cha pili ni makabati ya kuvuta hewa yenye sumu, ambayo hufyonza hewa ya chumba usiku na mchana. Katika nchi za baridi hewa hiyo imepashwa joto kwa gharama, na katika nchi za joto imepoozwa kwa kiyoyozi. Yote hutupwa nje. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kimewahi kuendesha mashindano ya kushusha kioo cha kabati pale lisipotumika. Ni hatua isiyohitaji kununua chochote.

Cha tatu ni plastiki zinazotumika mara moja na kutupwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walikadiria mwaka 2015 kwamba maabara za aina hiyo duniani zilizalisha taka za plastiki zipatazo tani milioni 5.5 katika mwaka 2014. Katika idara yao wenyewe, wanasayansi 280 walizalisha takriban tani 267.

Tafiti za tiba: kati ya uhai na hewa ukaa

Hoja nzito zaidi hujitokeza katika utafiti wa tiba. Huko upande wa pili wa mizani kuna maisha ya watu.

Utafiti uliojulikana kwa jina la CRASH, ulioratibiwa kutoka London, ulihusisha wagonjwa 10,008 walioumia kichwa katika nchi 49. Matokeo yake ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa dawa za jamii ya steroidi, ambazo madaktari walikuwa wakizitoa kwa miaka mingi kwa nia njema, ziliongeza vifo badala ya kuvipunguza. Ni vigumu kwa mtu yeyote kusema kuwa utafiti huo usingefanyika kwa sababu ya hewa ukaa.

Lakini waliouendesha ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuhesabu gesi zake, mwaka 2007. Walikagua ofisi ya uratibu, usafirishaji wa dawa na nyaraka, na safari za watumishi. Miaka miwili baadaye, uchambuzi wa majaribio 12 ya tiba nchini Uingereza ulionyesha wastani wa tani 78 kwa kila jaribio.

Fundisho lililotokana na kazi hiyo ni kwamba kinachopaswa kupunguzwa ni upotevu, na tiba iachwe iendelee kutafutwa: ziara za ukaguzi ambazo zingeweza kufanyika kwa simu, fomu zinazouliza mambo yasiyotumika, na majaribio yanayorudia swali ambalo tayari lina jibu. Utafiti usio wa lazima ndio wenye hewa ukaa ghali kuliko wote, kwa kuwa haununui chochote.

Wafadhili waingilia kati

Kwa muda mrefu suala hili liliachwa kwa hiari ya watafiti. Hali hiyo inabadilika. Chuo Kikuu cha London, tawi la UCL, kilianzisha mwaka 2018 mpango uitwao LEAF unaozipa maabara vyeti vya shaba, fedha na dhahabu kulingana na juhudi zao. Nchini Marekani shirika la My Green Lab, lililoanzishwa mwaka 2013, hutoa cheti cha aina hiyo.

Mwaka 2024 taasisi za utafiti na wafadhili wa Uingereza walitangaza makubaliano ya pamoja kuhusu utafiti unaojali mazingira. Wafadhili wakubwa kama Wellcome na Cancer Research UK wameliingiza suala hilo katika masharti yao ya kutoa fedha.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Mabadiliko ya fikra miongoni mwa wafadhili wa London hayawezi kubaki London. Kituo cha utafiti wa tiba cha Kilifi, katika pwani ya Kenya, kimekuwa kikishirikiana na Wellcome tangu mwaka 1989. Vituo vingi vya ukanda huu hutegemea ruzuku kutoka nje, na masharti huja pamoja na ruzuku.

Hapa ndipo suala la haki linapojitokeza. Mtafiti wa Ulaya anayepunguza safari kutoka sita hadi mbili kwa mwaka bado anajulikana na wenzake. Mtafiti kijana wa Dodoma au Kisumu ambaye hajawahi kusafiri hata mara moja hana cha kupunguza. Wapo pia wanaozuiwa na viza: mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Montreal, Kanada, mwaka 2022 ulilalamikiwa sana kwa kuwa wajumbe wengi kutoka Afrika walinyimwa viza au hawakuzipata kwa wakati. Kwa watu hao, mkutano wa intaneti ni mlango, ilimradi intaneti yenyewe ipatikane kwa bei wanayoimudu.

Kwa upande wa umeme, ukanda huu una bahati na tatizo kwa pamoja. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Tanzania nayo imekamilisha Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimefunga mitambo ya umeme wa jua katika makao yake ya Duduville, Nairobi, na tawi lake la Mbita kando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo jokofu la Nairobi linaweza kuwa na unyayo mdogo kuliko la Johannesburg, ambako makaa ya mawe yangali yakitawala.

Tatizo huanza umeme unapokatika. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, na jenereta ya kawaida hutoa uniti 3 hivi kwa lita. Hiyo ni karibu kilo moja kwa uniti, sawa na makaa ya mawe. Aidha, ushauri wa kupandisha jokofu hadi nyuzi hasi 70 hauna budi kupimwa kwa uangalifu mahali ambapo umeme hukatika, kwa kuwa jokofu hilo lina nafasi ndogo zaidi ya kupanda joto kabla ya sampuli kuharibika. Kwa maabara ya aina hiyo, betri na paneli za jua zinaweza kuwa hatua ya kwanza, na zitalinda sampuli za damu zilizokusanywa kwa miaka mingi.

Hatua za kuanzia

Kwa taasisi inayotaka kujipima, uzoefu wa waliotangulia unaonyesha mpangilio ufuatao:

1. Kuchagua mwaka mmoja wa msingi na kuandika wazi kilichohesabiwa na kilichoachwa.

2. Kukusanya ankara za umeme, risiti za mafuta, orodha ya safari na orodha ya manunuzi. Nyaraka hizo kwa kawaida ziko tayari katika ofisi ya uhasibu.

3. Kutumia kigezo cha umeme cha nchi husika, na kutenga hesabu ya jenereta.

4. Kutambua vyanzo viwili au vitatu vikubwa na kuanza navyo, badala ya kuanza na vile vinavyoonekana kirahisi.

5. Kurudia hesabu kila mwaka kwa njia ile ile, ili upungufu unaotangazwa uwe wa kweli na si wa kubadili mizani.

Baadhi ya taasisi hulipia miti ipandwe ili kufidia gesi zao. Wataalamu wengi wanashauri hatua hiyo iwe ya mwisho, kwa kuwa mti huchukua miaka mingi kunyonya kaboni na unaweza kukatwa au kuungua kabla haujamaliza kazi hiyo, ilhali gesi ya ndege imeshatoka.

Kwa sasa maabara nyingi za ukanda huu bado hazidaiwi hesabu ya aina hii. Zikijipima mapema, kwa vigezo vinavyotokana na umeme wake na mazingira yake, zitakuwa na takwimu zao mkononi siku mfadhili atakapoziuliza. Zisipofanya hivyo, zitapimwa kwa takwimu za Heidelberg au Toulouse, ambako jenereta haijulikani na tatizo la viza halipo.